Mwaka Tuliogombania Nchi ya Mchezo

Saidi alizikwa Alhamisi baada ya alasiri, na Jumamosi nilipanda orofani kwao kwa hitima nikakaa nilipotaka kukaa. Nalisema hilo kwanza kwa sababu wako watu Amu, yaani Lamu, mpaka leo, wanaotazama mtu ameketi wapi kabla hawajamtazama uso. Nilisoma juzuu yangu nikaimaliza. Kurani naisoma vizuri, shule ndiyo sikusoma, niliacha darasa la tatu na bado sijaona kilichonipita. Baada ya dua kikaletwa chakula, kisha kahawa, na binti wa marehemu, Zaharia, ambaye sasa ni mwanamke mzima mwenye kazi yake Mombasa, akaja mlangoni kutuamkia sisi wazee. Akaniuliza jambo ambalo naona alikuwa nalo siku nyingi. "Ami Shee, wewe na baba mulijuana vipi? Si jirani, si jamaa, hamukusoma pamoja." Kando yangu alikuwa Kassim wa Kizingitini, mzee kama mimi, mtu ambaye hajawahi kumwachia mwenzake swali lake. "Waligombania nchi, mwanangu," akasema. "Nchi gani?" "Haipo." Zaharia akatabasamu kwa adabu ya mfiwa, akaenda zake akidhani tumezeeka. Tumezeeka, kweli. Lakini nchi ile tuliigombania, na nikiulizwa ni mwaka gani ulionifanya mtu, sitautaja mwaka niliojenga nyumba yangu ya kwanza wala mwaka niliooa. Nitautaja ule.

Najua wanaoandika maisha yao huanza na babu. Fulani bin fulani bin fulani, alitoka Hadhramaut, au alitoka Pate, akaja na jahazi saba. Mimi huko sianzi. Nilizaliwa Chundwa, kisiwa cha Pate, na hilo latosha. Anayetaka zaidi ya hapo afunge kitabu akaulize makaburi. Si kwamba naona haya. Naijua nasaba yangu, na baba yangu alikuwa mwanamume kuliko wengi waliovaa majoho. Lakini nimeishi miaka mingi katika mji ambao ukibisha hodi huulizwi wataka nini, huulizwi waweza nini, waulizwa u mwana wa nani, na jibu lako ndilo linalopanda ngazi au kubaki chini. Kwa hivyo nimeamua kitabuni mwangu jibu hilo nisilitoe. Mniamini au msiniamini kwa haya nitakayoyasema.

Nilikuwa na miaka ishirini au karibu yake, kibarua wa mwashi mmoja, nikipakia mawe kisiwani Manda na kuchanganya chokaa Amu. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya kina Saidi ulikuwa umebomoka kwa mvua, na sisi ndio tulioitwa kuujenga. Nyumba ilikuwa ya bibi yake, Bi Mwana Esha, mwanamke wa mji kwelikweli, sauti yake nyembamba na kali kama waya. Siku ya kwanza nilibisha, akauliza kutoka ndani, "Nani?" Nikajibu, "Shee, Bi. Mtu wa ukuta." "Shee mwana wa nani?" Nikamtajia. "Wa wapi?" "Chundwa, Bi." "Haya. Kaa hapo dakani, utaletewa mai." Daka ni ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe pande mbili. Ni mahali pazuri, pana kivuli, pana upepo, na mtu anaweza kukaa hapo umri wake wote asijue nyumba hiyo ina vyumba vingapi. Maji yakaja, baridi, katika kikombe cha bati. Vikombe vya kigae nilivisikia vikigongana juu.

Aliyenipandisha juu ni mchezo. Orofa ya juu kabisa ilikuwa imekodishwa na Mzungu mmoja mwenye ndevu, na katika mizigo yake alikuwa na sanduku la karatasi ngumu, ndani yake vitabu na dadu za ajabu, nyingine za pembe nne, nyingine za nane, na moja ya pande ishirini ambayo ukiitupa hubingirika kama haitaki kusimama. Alimfundisha Saidi mchezo wake, kisha akaondoka akamwachia sanduku. Saidi alikuwa amerudi kutoka shule ya sekondari, hana kazi bado, kijana mzuri wa sura, mcheshi, msemaji, mwenye kusoma Kizungu kama asomaye gazeti. Mchezo ule hauchezeki na mtu mmoja. Kwanza akamnasa Kassim, aliyekuwa akileta kamba mawe, kamba wakubwa wa miambani, kutoka Kizingitini kuwauzia watu wa hoteli na kila Ijumaa alishinda Amu akingoja mashua ya kurudi. Kisha akanichungulia mimi dakani, natafuna muhogo. "Bwana Shee, wajua kusema uongo?" Nikamwambia najua kusema kweli, uongo ni rahisi zaidi. "Basi panda."

Niueleze mchezo, maana nimeona watu wakiusikia hufikiri ni bao au karata. Hakuna ubao, hakuna kete, hakuna wa kumla mwenzake. Mmoja ni mwenye mchezo, kwetu Saidi: yeye asimulia mahali mlipo na kilicho mbele yenu. Waliobaki kila mmoja ana mtu wake, na asema mtu wangu afanya hivi, mtu wangu apita hapa. Jambo likiwa na shaka, kama kuruka ukuta au kumlaghai mlinzi, watupa dadu. Ikija namba kubwa umepata, ikija ndogo umekosa, na mwenye mchezo aendeleza kisa kutoka hapo. Ni hadithi isiyojua mwisho wake. Na kabla ya mtu wako kuinua mguu lazima muchague nchi, mahali pa mambo yote hayo, na hapo ndipo penye kazi. Ukikosea mtu, atakufa utaunda mwingine. Ukikosea nchi, kila kitakachotokea kimekosewa tayari.

Tulicheza katika sabule, chumba cha wageni, kuta zake za chokaa nyeupe zenye zidaka za kuwekea sahani, jamvi chini, na upande mmoja pazia zito. Nyuma ya pazia hilo alikaa Bi Mwana Esha akisuka ukili, na alisikia kila neno. Ijumaa baada ya sala tulikula kwanza: wali wa nazi, samaki wa kupaka, embe mbichi na pilipili, na baadaye kahawa na visheti. Siku ya kwanza aliposikia dadu zikigonga sakafu aliuliza, "Kuna pesa humo?" Saidi akajibu, "Hamna, Bibi." "Mshindi apata nini?" "Hapati kitu." Tukasikia ukili ukisimama kidogo. "Basi si kamari," akasema. "Ni wazimu. Chezani." Sharti lake lilikuwa moja, tusitaje majini nyumbani mwake siku ya Ijumaa. Kwa hivyo madude yote ya kitabu, yenye mbawa na yenye moto, tuliyaita "wale," na mpaka leo mimi na Kassim tukisema wale twaelewana.

Nchi ya kwanza ilikuwa ya kitabu chenyewe. Theluji, milima, ngome za mawe, watu waliovaa nguo za chuma. Mimi nilikuwa bwana wa ngome ya kaskazini. Nilibisha lango la kwanza, mlinzi akaniuliza, "Wataka nini?" Nikamwambia nataka kulala na farasi wangu apewe majani. Akafungua. Nilingoja swali la pili, halikuja. Siwezi kumweleza mtu aliyezaliwa juu ya ngazi lile lilikuwa jambo gani. Nilikwenda nyumbani siku ile nikitembea katikati ya ndia, punda wakinipisha.

Aliyeiharibu nchi ile ni Kassim, na hakukusudia. Kwanza theluji hakuielewa ila kama barafu ya kuwekea kamba mawe. Alipoambiwa nchi nzima imefunikwa, mtu wake aliacha vita akaanza kuipakia kwenye magunia. Kisha tulipofika kwenye boma lililozungukwa na maji, akauliza, "Maji yapwa saa ngapi?" Saidi akasema hayapwi. "Vipi hayapwi?" "Ni mto, Kassim." "Usiku huko kuna mwezi?" "Upo." "Umeutaja mwenyewe wiki iliyopita, mwezi mpevu." "Nimeutaja." "Basi maji yapwa. Mimi nakaa hapa pwani na watu wangu, nangoja yapwe, nivuke kwa miguu." Na kweli alikaa. Ijumaa nzima mtu wake alikaa kando ya mto akingoja maji yapwe, na mimi na Saidi tukisukumana naye kwa maneno, mpaka sauti ikatoka nyuma ya pazia, "Huyo Kassim ana haki. Nti gani hiyo haina bamvua, mai yakajaa yakapwa?"

Wiki iliyofuata Saidi akaja na neno jipya. "Tumechoka kuvaa chuma cha watu. Tucheze kwetu." Siku hizi neno hilo lina wenyewe wengi. Vijana wa semina hutuita hotelini, wakatugawia soda, wakatuambia tupende chetu, tuhifadhi chetu, tujivunie chetu. Mimi husikiliza, nikanywa soda. Sijamsikia hata mmoja akiuliza: chetu, sisi nani? Mtu akikwambia turudi kwetu, kabla ya kumfuata muulize huko wewe utaingia kwa mlango upi. Mimi nilikuwa mjinga wa kutosha kutouliza, lakini moyo ulinigonga. Nikasema theluji haina ubaya. Kassim akasema kwetu kuna maji yanayopwa, yeye hana zaidi. Wawili kwa mmoja.

Nchi aliyoichagua Saidi ni Pate ya kale, Pate ya masultani, na niseme haki, aliisimulia kama mtu aliyelala humo jana. Alitandaza mji juu ya jamvi: dele la kahawa ndilo jumba la mfalme, vikombe ndio nyumba za mitaa, kifuniko cha sukari ndio msikiti, kisheti hiki bandari, kisheti hiki lango kubwa. Hariri, vyetezo, vitanda vya pembe. Hata mimi nilisahau kunywa. Kisha nikauliza, "Na Chundwa iko wapi?" Kwa sababu Pate na Chundwa ni kisiwa kimoja, mtu huenda kwa miguu. Saidi akatikisa mkono bila kutazama. "Huko nje ya jamvi." Akaanza kutugawia watu. Kassim nahodha, maana watu wa Kizingitini ni watu wa vyombo. "Na wewe, Shee, mtu wako atoka shamba. Aleta mtama mjini." Nikamwuliza kwa nini. "Ndivyo ilivyokuwa, ndugu yangu. Si mimi. Siku zile mtu wa shamba alikuwa wa shamba." Hakusema kwa kejeli. Angekejeli ningempiga, tungemaliza. Alisema kwa upole, kama daktari. Na nyuma ya pazia bibi yake akaongeza, naye kwa upole, "Na asingie na viatu. Wakati ule hawakungia mji na viatu."

Nikaingia bila viatu. Mtaniuliza kwa nini sikuondoka siku hiyo. Kwanza, samaki wa kupaka wa nyumba ile sijala mfano wake. Pili, mimi sijawahi kuondoka mahali kabla sijajua nashindwa au nashinda. Na mchezo una kanuni moja niipendayo: mtu wako akifanya kazi akapona, nguvu zake huongezeka, na kanuni hiyo iko kitabuni, si ya Saidi. Basi mtu wangu akafanya kazi. Alibeba mtama, akasikiliza milangoni, akajifunza panga kwa mlinzi mlevi. Miezi ikapita. Wale walipoanza kutoka visimani kuuvamia mji, watoto wa majumba walijifungia orofani, nahodha wa Kassim akiwa baharini anangoja maji yajae, na mtu wangu ndiye aliyeshuka kisimani na kamba kiunoni. Nilitupa ile dadu ya pande ishirini, ikabingirika, ikaja namba ya juu kabisa. Kassim alirusha kofia yake. Saidi mwenyewe alinikumbatia. Mji umepona.

Sasa katika Pate ya Saidi aliyeuokoa mji huingia kwa lango kubwa na siwa ikipigwa. Siwa ni lile baragumu kuu la pembe, refu kama mtu, lililopigwa kwa ajili ya watu wa majumba makubwa, arusi zao na sherehe zao, na Saidi alikuwa ametusimulia sauti yake mara nyingi. Nikasema, "Mtu wangu aja lango kubwa. Siwa ipigwe." Saidi akainua kikombe akakuta hakina kahawa. "Haipigwi," akasema. "Kwa nini?" "Si kwa mtu wa shamba. Watakupigia ngoma. Watakupa nguo, watakupa chakula. Siwa, hapana." Nikamwambia, "Nipe dadu." "Hakuna dadu kwa jambo hilo." "Nimetupa dadu kwa panga, nimetupa dadu kwa wale wa moto. Kwa pembe ndiyo hakuna dadu?" "Hii si bahati, Shee. Hii ni ada." Kassim akasema, "Mpe dadu, bwana. Atupe, akose, tuendelee." Na Saidi akamtazama, akasema lile neno ambalo ndilo la kweli kuliko yote aliyonambia mwaka ule. "Na akipata?"

Nikasimama. "Pate yako mimi nimeilima," nikamwambia. "Ile nyumba ya mfalme wako, leo gofu lenye ukuta mmoja uliosimama na zidaka zake, ndani mna tumbako. Nimeipanda kwa mkono huu nikiwa mdogo, na nimejisaidia ukutani." Pazia likatikisika. "Kiyana," akasema Bi Mwana Esha, "teremka kwa adabu." "Nateremka, Bi," nikasema, na nikateremka, na mlango sikuubamiza, kwa sababu ni mti wa mbambakofi na nilijua thamani yake.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia ukatoka sijakanyaga pale. Habari ilienea, maana Kassim ana mdomo, na barazani walinifanya mchezo. "Bwana Shee, tumesikia umenyimwa pembe." "Pembe yenyewe iko wapi?" mwingine akadakia. "Haiko." "Basi amenyimwa nini?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na mwashi wangu alicheka. Wacheke. Mimi nilikuwa nimenyimwa mambo mengi kabla ya hapo na kila moja lilikuja na sababu yake: kiwanja kina mwenyewe, kazi ina mtu, binti ana mchumba. Sababu zile waweza kuzibishia na mtu aweza kujifunika nazo. Lakini ile pembe ya mchezo haikuwapo. Kuipiga kusingemgharimu mtu hata pumzi. Kwa hivyo aliponikatalia sikuona sababu yoyote katikati, nilimwona yeye na nilijiona mimi, na ile hapana imesimama uchi. Ndiyo maana naushukuru mchezo ule. Umenionyesha kitu ambacho mji umekificha vizuri kwa karne.

Baada ya Idd Saidi alinifuata Manda, machimboni. Kanzu nyeupe, viatu vya ngozi, vumbi la mawe limemfika magotini. Vibarua wote waliacha nyundo kumtazama. Hakuomba radhi, na nisiseme aliomba. Alisema, "Ndoo, Shee, tucheze. Kassim asema mchezo wa watu wawili ni mazungumzo." Nilitaka kucheka nikajizuia. "Nitakuja," nikasema, "lakini nchi nitachagua mimi, na mwenye mchezo nitakuwa mimi." "Kitabu hujui kukisoma." "Sikihitaji. Dadu nazisoma." Akafikiri. "Wataka turudi kwenye theluji."

Nilikuwa nimelifikiria hilo nyuma ya kila jiwe. Kule kwenye theluji nilikuwa bwana, kweli, lakini nilikuwa bwana ndani ya kofia ya chuma, na walinifungulia lango kwa sababu hawakunijua. Raha ya kutojulikana ni raha ya mgeni, siku tatu yatosha. Nilitaka mahali panaponijua mpaka jina la mbuzi wangu, na bado panipe dadu. "Tutacheza Chundwa," nikamwambia. Akacheka, si kwa ubaya. "Chundwa kuna nini?" "Ndiyo uje uone." "Na mimi nitakuwa nani huko?" "Utakuwa Saidi."

Ijumaa ile nilitandaza Chundwa katikati ya jamvi. Mashamba, kisima, ufuo, na msikiti ambao paa lake limeanguka na watu wanalijenga upya. Mtu wa Saidi akaja kwa miguu kutoka Pate, ana kiu. Akawakuta wanawake kisimani, akajitambulisha, na Saidi akawatajia mababu saba bila kumeza mate. Nikamjibu kwa sauti ya wanawake wa kwetu, "Marhaba. Umekuja na kamba ya kutekea?" "Sina." "Basi ngoja nyuma, wenye kamba wateke." Akataka kuwashawishi. Nikampa dadu mara moja. Mimi dadu simnyimi mtu. Akatupa, akapata, na kwa kweli alisema maneno matamu hata wanawake wakacheka wakamtekea. Haki yake. Nilichotaka ni kwamba atupe.

Sikuwa mwenye mchezo mzuri, watu husema hivyo na Kassim bado husema. "Dunia yako ina kazi tupu," alilalama. "Wiki nzima nabeba kamba mawe, Ijumaa naja kupumzika, wanibebesha boriti." Nikamwambia msikiti hauna paa. "Mlete mmoja wa wale basi, atufukuze kidogo." Nikawaletea mmoja, wakamfukuza upesi upesi, tukarudi kwenye paa. Lakini hawakuacha kuja. Na siku moja, mtu wa Saidi akiwa kisimani anajisifu tena, tukasikia nyuma ya pazia, "Huko kwenu mwala nini?" Nikasema, "Mkate wa mtama, Bi, na papa." "Papa mbichi au mkavu?" "Mkavu." "Watia ndimu?" "Watia." Ukili ukawekwa chini. "Nami nina mtu hapo kisimani," akasema. "Amwambia huyo Saidi anyamaze, watu wateke mai." Saidi akasema, "Bibi!" Mimi nikasema, "Itabidi atupe dadu, Bi." Mkono ukatoka chini ya pazia, umejaa hina, kiganja juu. Nikaiweka dadu. Ikatupwa huko ndani, tukaisikia ikizunguka sakafuni, kisha sauti, "Kumi na saba. Yatosha?" "Yatosha, Bi. Saidi amenyamaza." Kama mwenye mchezo ilinipasa kuuliza, nikauliza, "Na huyo mtu wako, Bi, ni nani?" "Ni mtu tu," akasema. "Endelea."

Mwaka ukaisha namna hiyo. Saidi akapata kazi Mombasa, forodhani, na Ijumaa ya mwisho kabla hajasafiri tulikula kuliko siku zote. Kahawa ilipokuja, kabla sijafungua mdomo, alilichukua dele akaliweka katikati ya jamvi, akapanga vikombe kimoja kimoja, na kisheti cha lango kubwa. Kassim akaacha kutafuna. "Turudi Pate leo," akasema Saidi. "Nimefikiri. Mtu wako amesimama langoni. Siwa iko kwa mpigaji. Tupa dadu." Aliichagua mwenyewe ile ya pande ishirini akaniwekea kiganjani.

Ningependa kusema nilifikiri sana. Sikufikiri. "Siitaki," nikamwambia.

"Umeigombania mwaka mzima."

"Niligombania dadu. Pembe ni yako, kaa nayo. Na mtu wangu hayuko langoni. Yuko Chundwa tangu Idd."

"Na mji? Wale wakirudi visimani, nani atashuka?"

"Shukeni wenyewe."

Kassim akasema yeye abaki Chundwa, mgongo ushazoea. Saidi alivitazama vikombe vyake, mji mzuri ule, kisha akanitazama mimi. Nje muadhini wa alasiri alikuwa akisafisha koo.

"Paa la msikiti limefika wapi?" akauliza.

"Boriti zimepanda," nikamwambia. "Mtu wako amechelewa."